Vita vya Rafu Ndani ya Kompyuta: Historia ya Programu Zinazolinda Gemu

Programu ya kuzuia rafu husakinishwa pamoja na gemu ya kompyuta ili kubaini kama mchezaji anatumia msaada wa siri dhidi ya wenzake. Msaada huo huwa wa aina nyingi: bunduki inayojilenga yenyewe, macho yanayopenya kuta na kumwona adui aliyejificha, au fedha na silaha ambazo mchezaji hakuzitolea jasho. Mwaka 2000 programu za aina hii ziliangalia gemu na programu zilizoizunguka tu. Kufikia 2020 baadhi yake zilianza kazi kabla Windows haijamaliza kuwaka, zikakagua draiva za feni, kibodi na kadi ya grafiki, na kuzifungia zile zisizoaminika. Safari hiyo ya miaka 20 ndiyo iliyofanya gemu zigombane na maunzi ya kompyuta, na kila hatua yake ilikuwa na sababu.

Chimbuko la rafu

Udanganyifu katika gemu za mtandaoni unatokana na namna gemu zenyewe zinavyofanya kazi. Katika gemu ya kupigana risasi, seva hutunza hesabu ya mchezo, lakini kila kompyuta hujichorea picha zake makumi ya mara kwa sekunde. Ili picha zisikwame, seva huijulisha kompyuta mapema mahali walipo wachezaji wengine, hata wale ambao bado wamefichwa na ukuta. Taarifa hiyo hukaa katika kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM, nayo imo mikononi mwa mwenye kompyuta. Anayejua kuisoma humwona adui kabla adui hajajitokeza.

Mwaka 2001 ilidhihirika kwamba hata kifaa halali chaweza kutumika kwa rafu. Kampuni ya ASUS ya Taiwan ilitangaza draiva za kadi zake za grafiki zenye uwezo wa kuonyesha vitu vilivyo nyuma ya kuta ndani ya gemu, na wachezaji wakapaza sauti kulalamika. Draiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa fulani. Draiva hizo hazikuhitaji kugusa faili lolote la gemu. Zilibadilisha tu namna kadi inavyochora. Aliyetaka kuzuia rafu kwa kuangalia mafaili ya gemu peke yake asingeona kitu.

Walinzi wa kwanza walitoka miongoni mwa wachezaji. Mmarekani Tony Ray, aliyechoshwa na walaghai katika gemu za jamii ya Half-Life, alitoa PunkBuster mwaka 2000 na kuunda kampuni ya Even Balance. Baadaye programu hiyo iliunganishwa rasmi na Return to Castle Wolfenstein, kisha na gemu nyingine nyingi za risasi. Mwaka 2002 kampuni ya Valve ilileta Valve Anti-Cheat katika Counter-Strike. Mbinu zao zilikuwa zile za antivirusi: kupekua kumbukumbu kutafuta alama za programu za ulaghai zinazojulikana, kisha kumfukuza mhusika au kuifungia akaunti yake.

Ngazi mbili za mamlaka

Udhaifu wa mbinu hizo uko katika muundo wa kompyuta. Tangu 80286 ya mwaka 1982, prosesa za Intel zimekuwa na ngazi nne za mamlaka, kuanzia 0 hadi 3. Windows hutumia mbili tu. Gemu, kivinjari na programu ya kuandikia barua huendeshwa katika ngazi ya 3. Humo kila programu imetengewa eneo lake la kumbukumbu, na haiwezi kugusa kifaa chochote bila kupitia kwa mfumo endeshi. Ngazi ya 0 ni ya keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, pamoja na draiva. Kilichomo katika ngazi hii kinaweza kusoma kumbukumbu yote, kuamuru vifaa vyote, na kuwaficha au kuwadanganya walio ngazi ya 3. Kosa dogo humo halifungi programu moja tu; huangusha kompyuta nzima na kuleta skrini ya buluu.

Windows XP ilipotoka mwaka 2001, mgawanyo huu uliingia katika kompyuta nyingi za majumbani. Kuanzia hapo, mlaghai aliyefanikiwa kuweka draiva yake katika ngazi ya 0 aliweza kumpa mlinzi wa ngazi ya 3 majibu ya uongo: mlinzi aliomba orodha ya programu zinazoendeshwa akaletewa orodha iliyochujwa. Watengenezaji walibaki na njia mbili, kukubali kudanganywa au kushuka wenyewe hadi kwenye keneli.

Korea Kusini ilikuwa kati ya nchi za kwanza kushuka. Huko gemu za mtandaoni zilikuwa biashara kubwa, watu walicheza kwa saa nyingi katika kumbi za intaneti ziitwazo PC bang, na mali za ndani ya gemu ziliuzwa kwa fedha halisi. Kampuni ya INCA Internet ilitengeneza nProtect GameGuard, iliyotumika katika gemu kama Lineage II. GameGuard iliweka draiva yake kwenye keneli, ikaficha mchakato wa gemu usionekane na programu nyingine, ikazuia baadhi ya maombi ambayo programu hupeleka kwa Windows, na kuzizima zile ilizozishuku. Tabia hizo, yaani kujificha, kuzuia na kuzima wengine, ndizo ambazo antivirusi hufundishwa kuzitilia shaka. Migongano kati ya GameGuard na antivirusi, na kati yake na programu za vifaa, ikawa malalamiko ya kudumu ya wachezaji.

Mwaka wa mabishano, 2005

Nchini Marekani swali la faragha lilitangulia swali la draiva. Blizzard ilikuwa imeiwekea World of Warcraft, gemu ya mwaka 2004, programu iliyoitwa Warden. Mwaka 2005 mtaalamu wa usalama Greg Hoglund aliichambua, akaeleza hadharani kwamba ilikuwa ikisoma vichwa vya madirisha ya programu zote zilizokuwa wazi kwenye kompyuta ya mchezaji. Shirika la kutetea haki za kidijitali la EFF liliiita programu ya upelelezi. Blizzard ilishikilia kwamba lengo lake lilikuwa kuwakamata walaghai tu.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, mtaalamu wa Windows Mark Russinovich alifichua kwamba baadhi ya CD za muziki za Sony BMG zilisakinisha kwa siri programu ya kuzuia kunakili. Programu hiyo ilijiingiza kwenye keneli na kuficha kila faili ambalo jina lake lilianza na herufi $sys$. Siku chache baadaye walaghai wa World of Warcraft walianza kuzipa programu zao majina yenye mwanzo huo, na Warden haikuziona tena. Programu iliyotengenezwa kulinda haki za wanamuziki ikawa maficho ya walaghai wa gemu. Somo hilo lilijirudia mara nyingi katika miaka iliyofuata: mlango uliofunguliwa kwenye keneli kwa nia njema hauchagui anayeutumia.

Microsoft ilianza kubana. Mwaka 2005, katika matoleo ya Windows ya biti 64, iliweka ulinzi uitwao PatchGuard, unaoisimamisha kompyuta nzima ukibaini kwamba sehemu nyeti za keneli zimebadilishwa. Windows Vista ya biti 64 ikafuata kwa kukataa draiva isiyo na saini ya kidijitali ya kampuni inayotambulika. Kuanzia 2016, katika Windows 10, draiva mpya za keneli zililazimika kusainiwa na Microsoft yenyewe.

Walinzi wa gemu walipewa njia rasmi mbadala. Programu yoyote inayotaka kusoma kumbukumbu ya nyingine huiomba Windows kibali kinachotaja haki inazotaka: kusoma, kuandika au kusimamisha. Draiva ya mlinzi hujiandikisha ili ijulishwe kabla kibali hakijatolewa. Mwombaji akiitaja gemu, mlinzi huziondoa haki za kusoma na kuandika, na mwombaji hupokea kibali kisichomfaa kitu. Mlaghai hukwama, lakini hata programu halali ya kurekodi video, ya kuandika maneno juu ya picha za gemu au ya kutafuta makosa inaweza kukwama vilevile, kwa kuwa maombi yake hufanana na ya mlaghai.

Saini halali, draiva dhaifu

Sharti la saini halikuwafukuza walaghai. Liliwaelekeza kwenye draiva za watu wengine. Programu ya kupima joto la prosesa inaonyesha jinsi hali hiyo ilivyozaliwa. Katika prosesa za Intel, kipimo cha joto hukaa kwenye rejista maalumu ya ndani, na amri ya kuisoma inakubaliwa katika ngazi ya 0 tu. Feni nazo huongozwa na kifaa kidogo kilichopo kwenye madabodi ambacho hakifikiwi na programu ya kawaida. Kwa hiyo mtengenezaji wa programu ya feni, ya taa za rangi za kibodi au ya kuongeza kasi ya kadi ya grafiki huhitaji draiva ya kumfikishia maombi yake chini. Wengi wao hawakuandika draiva mpya. Walichukua WinRing0, iliyopatikana bure na tayari ikiwa na saini, wakaiunganisha na programu zao.

WinRing0 na draiva za jamii yake hazikuuliza aliyeomba ni nani. Programu yoyote iliyofanikiwa kuzifikia iliweza kusoma na kuandika rejista za prosesa au kumbukumbu halisi ya kompyuta. Draiva ya RTCore64, inayoambatana na programu mashuhuri ya kurekebisha kadi za grafiki, MSI Afterburner, iliandikwa mwaka 2019 katika orodha ya kimataifa ya udhaifu kwa kosa la aina hiyohiyo. Mlaghai hakuhitaji tena kutafuta saini yake. Alisakinisha draiva halali yenye mwanya, kisha akapenyeza msimbo wake kwenye keneli kupitia humo.

Watengenezaji wa gemu nao walifanya makosa kama hayo. Septemba 2016 kampuni ya Capcom ilitoa toleo jipya la Street Fighter V lenye draiva iliyoitwa Capcom.sys, iliyokusudiwa kuwazuia waliojiongezea fedha ndani ya gemu. Draiva hiyo ilizima kwa muda kinga ya prosesa inayoizuia keneli kutekeleza msimbo wa ngazi ya 3, kisha ikatekeleza msimbo wowote iliokabidhiwa. Programu yoyote kwenye kompyuta hiyo iliweza kuitumia. Baada ya takriban siku moja Capcom iliiondoa, lakini nakala zake zenye saini zilikwisha kusambaa, na kwa miaka kadhaa wadukuzi na wanafunzi wa usalama wa kompyuta waliendelea kuzitumia.

Imani ilivunjwa pia kwa makusudi. Mwaka 2013 ilibainika kwamba programu ya kuzuia rafu ya ligi ya ESEA ya Marekani ilikuwa ikitumia kadi za grafiki za wachezaji kuchimba Bitcoin kwa siri. Kompyuta zipatazo 14,000 ziliathirika, kadi zao zikifanya kazi nzito wakati wenyewe hawachezi, huku mapato yakiwa maelfu machache tu ya dola. Mwezi Novemba mwaka huo kampuni iliingia katika mapatano ya dola milioni 1 na jimbo la New Jersey, sehemu kubwa ya kiasi hicho ikiahirishwa kwa masharti. Ilikwisha kuonekana wazi kwamba mlinzi mwenye mamlaka makubwa anaweza kuugeuza mtambo wa mtu kwa faida yake.

Valorant na ugomvi wa feni

Hata hivyo, wimbi la rafu liliendelea kupanda. Gemu ya PUBG, iliyovuma mwaka 2017, ililindwa na BattlEye ya Ujerumani, na katika mwezi mmoja wa Januari 2018 BattlEye ilitangaza kuwa imefungia zaidi ya akaunti milioni 1. Gemu za kushindania fedha ziliongezeka, na ulaghai ukauzwa kwa malipo ya kila mwezi. Mwaka 2018 Epic Games iliinunua Easy Anti-Cheat ya Finland na kuifanya sehemu ya huduma zake kwa watengenezaji.

Kampuni ya Riot Games ilipoanza majaribio ya gemu yake ya Valorant tarehe 7 Aprili 2020, ilichukua hatua ambayo wengi hawakuizoea. Programu yake, Vanguard, iliweka draiva ya vgk.sys iliyopakiwa kompyuta inapowashwa, hata siku ambayo mchezaji hana nia ya kucheza. Sababu yake ilikuwa ya mpangilio wa zamu: askari wa lango anayefika saa sita hawezi kuapa juu ya walioingia saa mbili. Draiva iliyopakiwa mapema ingeona kila draiva iliyoifuata na kuzuia zile zenye mianya inayojulikana.

Matokeo yake yalionekana mara moja kwenye vifaa. Wachezaji waliripoti kwamba programu zao za kupima joto hazikuonyesha kitu, programu za kuongoza feni na taa zilikataa kufunguka, na wengine wakakuta kibodi au vipanya vyao havifanyi kazi kwa sababu draiva zake zilizuiwa. Kwa fundi, picha hiyo ilikuwa ya kutatanisha. Feni iliyozoea kuongeza kasi joto linapopanda ilirudi kwenye mpangilio wake wa kawaida, na mwenye kompyuta alidhani feni imekufa. Prosesa za kisasa hujipunguzia kasi na hata kujizima zikipata joto kupita kiasi, lakini mwenye mashine alikuwa amenyimwa kipimo cha kumwonya mapema.

Riot ilijitetea kwamba draiva zilizozuiwa zilikuwa na udhaifu wa kweli, jambo ambalo wataalamu wengi wa usalama walikubaliana nalo. Ililegeza baadhi ya vizuizi na kuongeza alama kwenye upau wa chini ya skrini, ili mchezaji ajue kilichozuiwa na aweze kuizima Vanguard kwa hiari, ingawa Valorant isingefunguka hadi kompyuta iwashwe upya. Ilitangaza pia zawadi ya hadi dola 100,000 kwa atakayegundua udhaifu mkubwa ndani ya Vanguard. Mei 2020 gemu ya Doom Eternal iliwekewa mlinzi wa keneli kutoka kampuni ya Denuvo. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba mtengenezaji alitangaza kumwondoa ndani ya siku chache.

Muda ulithibitisha hoja za pande zote mbili. Mwaka 2022 kundi la uhalifu liliitumia RTCore64 kuzima programu za usalama kabla ya kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Mwaka huohuo kampuni ya Trend Micro ilieleza kwamba wahalifu wengine walifanya vivyo hivyo kwa mhyprot2.sys, draiva ya kuzuia rafu ya Genshin Impact, kwenye kompyuta ambazo gemu hiyo haikuwemo. Riot ilikuwa na haki ya kuziogopa draiva za feni. Nao wachezaji walikuwa na haki ya kuziogopa draiva za gemu. Mwaka 2025 antivirusi ya Windows yenyewe ilianza kuikamata WinRing0, na programu nyingi za feni zikapata tena matatizo yaleyale, safari hii hata kwa wasiocheza gemu.

Kutoka draiva hadi madabodi

Adhabu nazo zilihamia kwenye vifaa. Kwa kuwa akaunti mpya hufunguliwa kwa dakika chache, walinzi walianza kuandika namba za utambulisho za diski, kadi ya mtandao na madabodi, na kuifungia kompyuta yenyewe. Walaghai walijibu kwa draiva za kughushi namba hizo. Aliyenunua kompyuta iliyotumika aliweza kurithi adhabu ya mtu asiyemjua.

Ndipo walinzi wakageukia chipu ya TPM, yenye ufunguo wa siri usiobadilishwa kirahisi, na Secure Boot, utaratibu unaohakikisha kwamba kompyuta inawaka kwa programu zenye saini pekee. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Valorant ilizidai zote mbili kwa wanaotumia mfumo huo, na miaka iliyofuata gemu nyingine kubwa ziliiga. Battlefield 6 ya mwaka 2025 haikufunguka bila Secure Boot. Sharti la aina hii huwaumiza zaidi wenye mashine kuukuu, wakiwemo wengi wa Afrika Mashariki wanaonunua kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani. Vanguard ilipoingizwa katika League of Legends, gemu nyingine ya Riot, mwezi Mei 2024, baadhi ya wachezaji walidai kwamba imeua kompyuta zao. Riot ilikana, ikisema walioripoti tatizo lolote hawakufika asilimia 0.03, na kwamba wachache waliokwama walikuwa wamewasha Secure Boot wenyewe katika BIOS, yaani programu ya madabodi inayoiwasha kompyuta, huku kadi zao za grafiki za zamani haziuwezi utaratibu huo.

Walaghai wenye fedha walikwisha kutoka nje ya kompyuta kabisa. Mwaka 2016 mtafiti Ulf Frisk alionyesha kifaa kinachochomekwa kwenye nafasi ya PCIe na kusoma RAM moja kwa moja bila kupitia kwa prosesa wala Windows. Teknolojia hiyo ya utafiti ikawa bidhaa ya rafu: kadi inayojifanya ya mtandao au ya sauti husoma kumbukumbu ya gemu na kuipeleka kwenye kompyuta ya pili. Kinga yake ni IOMMU, sehemu ya maunzi inayokiwekea kila kifaa mipaka ya kumbukumbu. Desemba 2025 watafiti wa Riot walifichua kwamba baadhi ya madabodi za ASUS, Gigabyte, MSI na ASRock zilidai kinga hiyo imewashwa ilhali haikuwa imeanzishwa sawasawa wakati wa kuwaka. Viwanda vilitoa matoleo mapya ya BIOS, na mwanya uliowahatarisha hata wasiocheza gemu ukapata dawa.

Hali ilipofikia

Tarehe 19 Julai 2024, kosa katika programu ya usalama ya CrowdStrike, inayofanya kazi kwenye keneli, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows na kukwamisha ndege na hospitali. Microsoft ilianza kujenga njia za kuwawezesha watengenezaji wa antivirusi kufanya kazi nje ya keneli. Miezi michache baadaye toleo la Windows 11 la 24H2 lilizuiwa kwenye baadhi ya kompyuta zenye prosesa za Intel kwa kuwa matoleo ya zamani ya Easy Anti-Cheat yalisababisha skrini ya buluu. Agosti 2025, waliojaribu Battlefield 6 walitakiwa kuifunga Valorant kwanza, kwa sababu walinzi wawili walikuwa wakigombea eneo lilelile la mashine.

Wanaotumia Linux walibaki nje zaidi. Easy Anti-Cheat na BattlEye zilifungua njia kwao mwaka 2021, lakini Apex Legends iliifunga tena mwezi Oktoba 2024, ikisema kwamba mfumo huo unawapa walaghai uhuru mkubwa. Mwezi huohuo duka la Steam lililazimisha kila gemu yenye mlinzi wa keneli iseme hivyo waziwazi kwenye ukurasa wake, ili mnunuzi aamue kabla ya kutoa fedha.

Tangazo hilo la Steam ni miongoni mwa hatua chache katika historia hii zilizoanza na mwenye kompyuta. Hatua nyingine nyingi zilimlinda mchezaji mwaminifu dhidi ya mlaghai, kazi yenye thamani, lakini zilipitia kwenye feni, kibodi, kadi na madabodi yake mara nyingi bila kumweleza. Mambo yaliyopunguza madhara yanajulikana tangu 2020: kumwonyesha mtumiaji kilichozuiwa na sababu yake, kumpa uwezo wa kumzima mlinzi, kuwalipa watafiti wanaofichua mianya, na kuwashinikiza watengenezaji wa vifaa warekebishe draiva zao. Gemu zilizofuata njia hizo bado zina maadui, lakini migogoro yao na maunzi huwa na maelezo, na fundi anajua pa kuanzia.